Herufi za Paani Zisishushwe: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Turathi za Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia turathi,
na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Taifa ya Kenya.

Waheshimiwa, assalaam aleikum.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko hatua chache kutoka Barabara ya Digo, na kwa miaka 22 nimekaa nikitazamana na jengo la sinema iliyofungwa zamani. Juu ya paa la jengo hilo zimesimama herufi za chuma, kila moja inamzidi mtu mzima kwa urefu, zinazotaja jina la sinema. Zilikuwa saba. Sasa zimebaki sita. Nawaandikia kuwaomba herufi hizo mzitangaze kuwa turathi inayolindwa na sheria, kabla hazijafika kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu.

Jina la sinema sitaliandika hapa. Wa mtaani wanalijua, na wao siwaogopi. Ninaowaogopa ni wa mbali wenye lori na msumeno, ambao wakishajua ni paa gani hawatangoja kupambazuke. Herufi ya tatu iliondoka hivyo, usiku wa mvua ya masika. Asubuhi tulikuta bolti nne zimekatwa na mkwaruzo mrefu ukutani, pale ilipoteremshwa kwa kamba. Jina, mahali na picha nimeviweka katika barua niliyoipeleka kwa mkono ofisini kwenu.

Niwaeleze kwanza jinsi nilivyoishi na herufi hizi.

Alasiri, jua linapoinamia bara, kivuli cha herufi huvuka barabara, hupanda kizingiti na kulala juu ya sakafu ya duka langu. Sihitaji saa. Kivuli kikigusa mguu wa cherehani najua adhana ya alasiri i karibu. Kikianza kupanda rafu za vitambaa ukutani, najua ni wakati wa kuwasha taa. Nimejua pia kwamba herufi haziingii zote kwa msimu mmoja. Mwezi wa sita, jua likiwa limehamia kaskazini, zinazonijia ni zile za mwisho wa jina. Disemba, kaskazi ikivuma, ni zile za mwanzo. Zamu ya herufi ya tatu ni mwezi wa kumi. Mwaka jana mwezi wa kumi ulipofika, palipokuwa pakilala kivuli chake palikuwa na jua tupu, kipande cheupe juu ya satini ya bibi harusi niliyokuwa naikata. Niliweka mkasi chini. Nilikuwa nimeshajua tangu masika kwamba herufi ile haipo, lakini siku hiyo ndiyo niliyoiona imekosekana.

Sinema yenyewe niliingizwa na mamangu nikiwa bado nashika pindo la buibui lake. Kulikuwa na shoo ya wanawake mchana, na kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kutoka nyumbani bila kuulizwa. Filamu zilikuwa za Kihindi. Hakuna aliyekijua Kihindi vizuri kwenye safu yetu na hakuna aliyekosa kulia. Tukitoka nje jioni, magharibi ikikaribia, herufi ziliwashwa. Hazikuwaka kwa pamoja. Iliwaka ya kwanza, ikafuata ya pili, mpaka ya saba, kisha zote zikazimika na kuanza upya. Sisi watoto tulizitaja kwa sauti, na ndivyo nilivyojifunza alfabeti, kabla sijaingia darasa la kwanza. Mamangu alinunua njugu zilizofungwa kwa karatasi, tukasimama chini ya mwanga ule mwekundu mpaka zikaisha.

Kisha zikaja kanda za video, watu wakakaa majumbani, na sinema moja baada ya nyingine zikageuka maghala, maduka na kanisa. Hilo lilitokea Kenya nzima na sina ugomvi nalo. Biashara hufa. Lakini herufi zilibaki, na kadiri zilivyokaa bila kuuza tiketi ndivyo zilivyozidi kuwa zetu. Mgeni akitafuta duka la dawa anaelekezwa kwazo. Wazee wawili waliogombana kwa miaka kadhaa walipatanishwa chini yake, kwenye benchi la muuza kahawa. Mji huu huhifadhi mambo yake kwa namna hiyo. Mtaa wa Mwembe Tayari bado ni Mwembe Tayari kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mwembe wenyewe. Tofauti ni kwamba herufi hizi bado zipo, na hatuhitaji kubakiwa na jina peke yake.

Mwezi uliopita nilimwomba mlinzi anipandishe paani. Tulipitia ngazi ya ndani, tukakata chumba cha mashine ya filamu, tukatokea juani.

Kwa karibu si bapa kama zinavyoonekana kutoka chini. Kila herufi ni kama sanduku lisilo na kifuniko, bati lililokunjwa kingo, na ndani yake mna holda za glopu zilizopangwa kwa safu. Katika herufi ya kwanza nilihesabu holda 19. Glopu iliyobaki ni moja, imejaa vumbi, na uzi wake wa ndani ungali mzima. Rangi ya juu ni nyekundu. Nilipokwaruza kwa ukucha ikatokea kijani, na chini ya kijani, manjano ya embe bivu. Upande unaotazama bahari kutu imelibandua bati tabaka kwa tabaka, kama ganda la kitunguu. Upande unaotazama bara bati lingali linalia ukiligonga kwa kidole. Ndani ya tumbo la herufi ya tano kunguru wamejenga kiota kwa vipande vya waya wa kufungia nondo.

Nilichokiona nyuma ya herufi ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Kila moja ina namba iliyoandikwa kwa brashi, kwa tarakimu za Kigujarati. Pembeni yake, kwa mkono wa mtu mwingine na kwa rangi nyingine, pameandikwa kwa Kiswahili JUU, na mshale. Nilisimama pale kwa muda. Hawa ni mafundi wawili waliokuwa kazini pamoja, kila mmoja akiandika kwa hati aliyoizoea, wakihakikisha hawatasimamisha herufi kichwa chini. Herufi hizi hazikuagizwa ng'ambo. Zilikatwa, zikakunjwa na kuchomelewa hapa hapa Mombasa, na mikono iliyozifanya haikutia sahihi popote isipokuwa pale nyuma, ambako hakuna aliyetarajiwa kutazama.

Mimi ni fundi. Naijua alama ya chaki inayowekwa upande wa ndani wa kitambaa.

Waheshimiwa, najua Mombasa haikukosa vitu vilivyolindwa. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na una ofisi yake ya uhifadhi katika jengo la Mahakama ya Kale. Mlango wa kuchonga wa Ndia Kuu una wa kuusemea, na roshani ya Kibokoni pia. Nashukuru kwa hayo, na nayapita kila siku. Lakini ukivuka Barabara ya Digo kuja upande wetu, ulinzi huo unakatika, kana kwamba historia ya kisiwa iliishia kwenye matumbawe na mbao za msaji. Mji wa babu zetu una walinzi wake. Mji wa mama zetu, wa stima na shoo za mchana na glopu nyekundu, hauna.

Nimeisoma Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Tuliisoma jioni tatu dukani, mimi na kijana wa jirani anayesomea uanasheria, yeye akifafanua na mimi nikipiga pindo. Nilidhani nitakuta sharti kwamba kitu kiwe na miaka mia. Sikulikuta. Sheria inataja mahali au jengo la umri wowote, lenye thamani ya kihistoria, kiutamaduni, kisayansi, ya usanifu, ya kiteknolojia au nyingineyo. Kifungu cha 25 kinampa Waziri uwezo, baada ya kushauriana na Makavazi, kulitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Sheria hiyohiyo inaacha nafasi ya Makavazi kukubaliana na mwenye mali juu ya utunzaji. Kwa hiyo mlango upo na hauna kufuli.

Ninaloliona mimi ni kwamba hakuna anayejua ni nani wa kuufungua. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi: kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa ni za serikali kuu. Matangazo ya nje ni ya kaunti, na yamewekwa katika mstari mmoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Sasa herufi za sinema ni nini? Ukiziita kumbukumbu, Mombasa itasema swali liulizwe Nairobi. Ukiziita tangazo, Nairobi itasema ni kazi ya kaunti. Zimekuwa kama mtoto wa wazazi wawili, kila mzazi akidhani mwenzake ndiye aliyemlisha.

Na kuitwa tangazo kuna gharama yake. Bango la nje hutozwa ada, na kwa maandishi ya kanuni herufi ya sinema iliyokufa haina tofauti na bango jipya la simu. Mwenye jengo, akiwa na hesabu yake sawasawa, ataona kwamba kuziacha ni hasara na kuziuza kwa kilo ni faida. Simlaumu. Nimezungumza naye zaidi ya mara moja, na ni mtu muungwana mwenye watoto wa kusomesha. Mnunuzi wa vyuma amemfikia mara mbili tayari. Bei aliyotajiwa kwa herufi zote sita haifiki bei ya nguo ya harusi ninayoishona kwa wiki mbili.

Mwaka 2018 ilipotoka amri majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu, nami nilipaka ukuta wangu, na mji ukapendeza machoni. Lakini nilimwona fundi akipitisha rola juu ya jina la duka la viatu lililoandikwa kwa mkono kwenye ukuta wa jirani, maandishi ya duara yenye kivuli cha dhahabu, kazi ya siku kadhaa ya mtu mwenye brashi nyembamba. Ilichukua dakika kama kumi. Hakuna aliyepiga picha kwanza. Mimi pia sikupiga, na hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Kuna atakayesema hatuwezi kulinda tangazo la biashara, kwamba turathi ni misikiti na ngome. Jambo hili limeshajadiliwa kwingine. Mjini New York kuna herufi kubwa nyekundu za Pepsi-Cola, zilizosimamishwa juu ya paa la kiwanda cha kujaza chupa, ng'ambo ya mto kutoka Manhattan. Pendekezo la kuzilinda liliwekwa mezani mwaka 1988. Kiwanda kilifungwa 1999 na jengo likabomolewa, herufi zikahifadhiwa, na leo zimesimama chini katika bustani ya umma kando ya mto. Zilitangazwa rasmi kuwa alama ya mji mwezi wa nne mwaka 2016, yaani baada ya miaka 28. Nazitaja kwa sababu mbili. Kwanza, soda ile bado inauzwa, na mji haukuona haya kulinda jina lake kwa kuwa watu walishalifanya dira yao. Sinema yetu haiuzi chochote, basi haya ni ya nini? Pili, wao walikuwa na miaka 28 ya kungoja. Sisi tuna chumvi, na tuna misumeno.

Karibu na kwetu zaidi, UNESCO iliuingiza mji wa Asmara, Eritrea, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017. Huo ni mji wa karne ya 20 hasa: kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha mwaka 1938 chenye mabawa ya zege, na sinema ya Impero ya mwaka 1937 ambayo jina lake limesimama kwa herufi kubwa kwenye uso wa jengo. Wakoloni wa Kiitaliano ndio waliovijenga, na Waeritrea waliamua kwamba kilichoishi katikati yao miaka yote hiyo ni chao.

Kuhusu usalama sitaki kupunguza neno. Chuma kilicholika kinaweza kumwangukia mtu, na chini ya herufi hizo wanapita watoto wa shule. Nilimleta fundi wa kuchomelea aangalie. Alisema mifupa ya nyuma, ile ya chuma cha pembe, ingali imara isipokuwa miguu miwili. Kutu ipigwe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla kusi haijaanza kuleta unyevu, na bolti zibadilishwe ziwe za chuma kisichoshika kutu, zikitengwa na bati kwa washa za plastiki. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, alinieleza, moja humla mwenzake. Fundi huyo si mhandisi, na ninaomba aje mhandisi wenu. Akisema herufi fulani ni hatari, iteremshwe kwa utaratibu, iandikwe namba, ihifadhiwe, irudishwe ikishatengenezwa. Kushushwa hivyo sikupingi.

Kuhusu fedha, najua maji hayatoki mitaa mingi na siombi shilingi ya maji. Ninaloliomba kwanza ni karatasi. Tangazo la Gazeti Rasmi haligharimu mabati wala saruji. Januari 2022 biashara ya vyuma chakavu ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu nguzo za stima zilikuwa zinahujumiwa, na kila mtu alielewa kwa nini: nguzo ni mali ya umma. Herufi zikishatangazwa, polisi wa zamu akikuta lori lina kipande cha bati chekundu chenye holda za glopu atakuwa na la kuuliza. Leo hana.

Basi ombi langu ni hili. Mheshimiwa Gavana, ofisi yako iziondoe herufi hizi katika hesabu ya matangazo yanayotozwa ada, na iamuru zisiguswe mpaka uamuzi utolewe. Mheshimiwa Waziri na Mkurugenzi Mkuu, tumeni watu wenu wazipime, wazipige picha mbele na nyuma, hasa nyuma, na mchakato wa kifungu cha 25 uanze. Mwenye jengo aketi nanyi kama mshirika, aambiwe anapata nini na anakatazwa nini, maana akisikia habari hii kwa mara ya kwanza kwenye gazeti ataziuza usiku huohuo kwa hofu. Na ikiwa jengo litabomolewa siku moja, kwa kuwa sakafu zake za juu zinavuja na siwezi kuahidi kwamba litasimama milele, ruhusa ya kubomoa itolewe pamoja na mahali herufi zitakapohamia, si baadaye.

Sisi wa mtaa tumeshaanza la kwetu. Muuza kahawa, mimi na vijana wawili wa kuchomelea tumekubaliana kukesha kwa zamu usiku wa Alhamisi na Ijumaa, siku ambazo mlinzi hayupo. Tumekusanya picha za zamani kutoka kwenye albamu za harusi, kwa sababu maharusi wa zamani walipenda kupigwa picha pale chini. Katika mojawapo, ya shangazi yangu, herufi ya tatu inaonekana nzima nyuma ya bega la bwana harusi, wazi kiasi cha fundi kuweza kuikata upya kwa kipimo. Nakala ya picha hiyo nimeiambatisha.

Mkija, njooni saa kumi kasorobo, jua likiwa bado upande wa bara. Ufunguo wa mlango wa nyuma anao mlinzi, na akiwa hayupo ninao mimi. Chukueni tochi kwa ajili ya ngazi za ndani, vidato vya tatu na vya nane vimevunjika.

Wenu mtiifu,
fundi cherehani, mkaazi wa Mombasa